Neno Nililomwandikia Boniface

Rehema alinipigia simu nikiwa kwenye foleni ya kupimwa macho, akaniambia mama yake amefariki alfajiri na kwamba watamzika baada ya sala ya adhuhuri. Sikuwa nimeisikia sauti yake tangu akiwa mtoto wa miaka minne aliyelia akinyimwa sukari, lakini alitaja jina lake tu nikamjua. "Mama aliacha maneno," akasema. "Kwamba mwalimu wa chumba cha pili naye aambiwe." Niliacha foleni, nikasafiri hadi Busia, nikafika watu wameshatoka makaburini na wanawake wameketi kwenye mikeka uani. Nilikaa nyuma kabisa. Kwa zaidi ya miaka arobaini nimeishi mwendo wa saa mbili kutoka mji ule, na sikuwahi kupiga hodi kwa Mama Rehema. Sababu ni mambo ya mwaka mmoja, na katika mwaka huo ni neno moja, ambalo nimefundisha Kiingereza maisha yangu yote bila kulitamka mbele ya mwanafunzi hata mara moja. Leo naliandika kwa mara ya kwanza tangu siku ile nilipomwandikia Boniface.

Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, mwalimu asiye na cheti katika shule ya msingi upande wa Alupe, nikijisomea mtihani wa kidato cha sita. Nilipanga chumba kwa Mzee Swaleh, aliyekuwa na lori moja kuukuu, na mkewe Mama Rehema. Nyumba ilikuwa ya mabati, uwanja katikati, jiko upande mmoja, na ghala la muhogo mkavu upande wa pili. Chumba changu kilitenganishwa na chumba cha kwanza kwa mbao nyembamba, kiasi kwamba jirani yangu akigeuka kitandani nilijua amegeukia wapi. Jirani huyo alikuwa Boniface, kijana wa kutembeza karatasi za malori kati ya Busia na Malaba, shati jeupe kila siku, kalamu mbili mfukoni. Sote tulikula kwa Mama Rehema, ugali wa mtama na muhogo, mrenda, omena waliokaangwa mpaka wakalia mdomoni, na Jumapili kuku wa karanga. Tulikaa kwenye mkeka mmoja, tukachovya bakuli moja. Na tulipokuwa tukila tulisikia risasi za ng'ambo. Upande wa pili wa mpaka jeshi ndilo lililokuwa serikali, na watu walikuwa wakichukuliwa kazini, sokoni, kitandani. Watu wa baiskeli waliobeba abiria kuvuka mpaka walirudi na habari, wakizitoa kwa sauti ya kawaida huku wakingoja chai: leo kuna mwili umekwama kwenye matete ya Mto Malaba, mikono imefungwa kwa waya, leo yule mwenye duka la vitambaa ameondoka na viatu vimebaki mlangoni. Mama Rehema alikuwa akisema, "Kula kwanza, utaeleza baadaye," nao wakala, kisha wakaeleza.

Mwezi wa nne, mvua ikiwa imeanza, lori la Mzee Swaleh liliingia uani asubuhi, na kutoka chini ya magunia akatolewa mtu. Nyayo zake zilikuwa zimechapwa kwa nyaya mpaka ngozi ikawa imefunguka kama viazi vilivyopasuka kwenye sufuria, na vidole vitatu vya mkono wa kushoto havikuwa na kucha. Mzee Swaleh alimbeba mgongoni. Mama Rehema alimkalisha kwenye mkeka wetu, akamnawisha mikono mwenyewe, kidole kimoja kimoja, akamlisha uji kwa kijiko. Boniface alikuwa Malaba juma hilo. Mtu yule alipomaliza uji wote ndipo Mama Rehema akamwuliza, "Sasa, baba, wewe nani?" Alikuwa Mwalimu Lubowa, Muganda, mwalimu wa Kiingereza katika shule ya sekondari. Askari waliingia shuleni kwake asubuhi ya mtihani, wakamwita mkuu wa shule uwanjani, wakamvunja miguu yote miwili mbele ya wanafunzi kwa kitako cha bunduki, wakamkunja ndani ya buti la gari. Lubowa alipouliza kosa lake ni lipi, wakamchukua naye. Namna alivyotoka kule walikomweka hakutuambia kamwe. Hakutaka kwenda mbali na mpaka kwa sababu alikuwa akimngojea mkewe avuke. Basi ikaamuliwa alale ghalani, aitwe Juma, na kwa watu wote awe binamu wa Mzee Swaleh kutoka Mbale, bubu tangu kuzaliwa. Boniface aliporudi aliambiwa hivyohivyo. Alimtazama yule bubu akimenya muhogo, akacheka, akamwita "Bwana Kelele", na tangu siku hiyo akawa akimpigia makofi nyuma ya kichwa ili aone kama atashtuka. Lubowa hakushtuka hata mara moja.

Alizungumza na watu watatu tu: mwenye nyumba, mkewe, na mimi. Saa za alasiri, Boniface akiwa forodhani, nilichukua madaftari yangu nikaingia ghalani, tukakaa juu ya magunia katika vumbi lile jeupe la muhogo. Tulinong'ona Kiingereza, kwa kuwa Kiswahili chake kilikuwa cha kubahatisha. Hakuwa na kitabu. Alifundisha kutoka kichwani, macho amefumba, mkono wenye vidole vibovu ukipiga mizani ya sentensi. Siku moja nilimsomea kifungu cha mtihani wa zamani kuhusu desturi za Wayunani wa kale: mtu asiyejulikana akifika mlangoni, kwanza maji, kisha chakula, na jina lake ndilo linaloulizwa mwisho. Lubowa alifumbua macho, akatazama uani ambako Mama Rehema alikuwa akitwanga. Akaniambia Kiingereza kina neno la jambo hilo, kivumishi kilichokopwa kutoka Kigiriki, adimu sana, na waandishi wachache waliolitumia walilitumia kwa uangalifu. *Xenial.* Linaanza kwa eksi lakini ulimi unasema zedi. Alinifanya nilitamke mara tano.

Nikamwuliza kama maana yake ni ukarimu. Akasema hapana, karimu ni mtu mmoja peke yake, hata akiwa jangwani. Neno hili linahitaji wawili, aliyekuja na aliyefungua. Linasema habari ya kamba iliyofungwa kati yao, na kamba hiyo inawafunga wote. Mwenyeji hamtoi mgeni wake kwa adui, na mgeni haiumizi nyumba iliyomlaza. Unaweza kusema wajibu ni *xenial*, au kifungo, au desturi. Kisha akaniambia kwamba shina lake kwa Wayunani lilikuwa na maana ya mtu usiyemjua, na papo hapo maana ya mtu uliyemkaribisha, neno moja kwa wote wawili. "Kama mgeni," nikasema. Akanitazama. "Kama mgeni," akarudia kwa Kiswahili, akacheka bila sauti, kama walivyozoea kucheka mabubu. Nilikuwa nimelitumia neno mgeni maisha yangu yote bila kugundua kwamba lina nyuso mbili, na alasiri ile nilihisi nimepewa kitu ambacho hakuna msichana mwingine kutoka Kocholia mpaka Marachi aliyekuwa nacho.

Juma lililofuata nilimletea insha niliyoandika kuhusu kijiji wakati wa mavuno, na katika mstari wa tatu nilikuwa nimeweka jua lililo *xenial*. Alikasirika. Alilikata kwa kalamu mpaka karatasi ikatoboka. Nilikuwa nimelichanganya na neno jingine linalofanana nalo, lenye maana ya uchangamfu, alisema, lakini kosa si hilo. Kosa ni kwamba nilikuwa nikitafuta mahali popote pa kulitia ili nionekane ninalo. Kisha akaacha Kiingereza, akanishika kifundo cha mkono, akasema kwa Kiswahili chake, akianza na bibie ya kwao, "Nyabo, hii neno hapana vaa kama hereni. Watu wanauliza, hereni umepata wapi?" Nilidhani ananifundisha mtindo wa uandishi. Nilikaa miezi miwili kabla ya kuelewa kwamba mtu yule alikuwa akiniomba nimwachie uhai wake.

Maana tayari nilikuwa nampenda Boniface. Alikuwa akininunulia sabuni ya kunukia, akiniita Conso, akiniletea magazeti. Alisema nikifaulu mtihani tutaenda Nairobi. Siku aliponiletea kitambaa cha gauni kutoka Malaba, nilimwandikia barua fupi ya shukrani kwa Kiingereza na kuipitisha chini ya mlango wake, na katika barua hiyo nilimshukuru kwa moyo wake ulio *xenial*. Niliandika herufi zile polepole, nikajisikia mrembo. Siku tatu baadaye alinikuta kisimani barua ikiwa mkononi.

"Conso, hili neno limenitoa jasho," akasema. "Nimemwuliza bosi wangu, hajui. Kamusi ya ofisi haina. Hata mkuu wako wa shule anasema umelibuni."

"Sikulibuni."

"Basi nani alikufundisha?"

Alikuwa akitabasamu. Na mimi, badala ya kusema nimelikuta gazetini, nilijibu, "Ninaye mwalimu wangu."

"Wa wapi huyo?"

"Yuko karibu kuliko unavyofikiri," nikasema, nikajitwika ndoo yangu, nikaondoka nikitikisa kiuno.

Hakuuliza tena. Lakini usiku ule, kwa mara ya kwanza, sikusikia kitanda chake kikilia upande wa pili wa mbao. Na kwenye mkeka, wakati wa chakula, aliacha kumpiga makofi yule bubu. Akawa anamsogezea minofu ya samaki.

Ilikuwa Ijumaa, baada ya juma moja na nusu. Nilikuwa nimerudi kula chakula cha mchana. Wanaume wa mtaa walikuwa msikitini, Mzee Swaleh miongoni mwao, na Mama Rehema alikuwa mbele ya jiko akikaanga samaki. Boniface aliingia langoni saa ambayo huwa kazini. "Mama Rehema," akasema, "leo nimekuja na wageni." Nyuma yake walikuwa wanaume watatu wenye mashati ya maua na miwani myeusi, mavazi ya makachero wa ng'ambo. "Karibuni, karibuni," Mama Rehema akajibu, akainuka, akachukua birika na beseni awanawishe mikono. Alikuwa ameinama na beseni lile mbele ya wa kwanza wakati Boniface aliponyoosha kidole kuelekea ghalani.

Walimtoa wakimburuta kwa miguu, kichwa kikigonga kizingiti. Lubowa hakupiga kelele. Hata wakati ule alibaki bubu, nadhani akitumaini bado kutulinda sisi. Mmoja alimkanyaga usoni ili amfunge mikono, nikasikia pua ikivunjika. Mama Rehema alitupa beseni, akarudi jikoni, akarudi na karai la mafuta yaliyokuwa yakichemka, akamwagia yule wa karibu kifuani. Sijawahi kusikia mtu mzima akilia vile. Wa pili alimpiga Mama Rehema kwa kitako cha bastola, mara moja shavuni, na taya lake likahama upande kama droo iliyofunguliwa. Mimi nilikuwa nimeshika mchi. Nilimpiga yule mtu mgongoni kwa nguvu zangu zote, akageuka, akanitandika kofi lililoniangusha juu ya kinu. Nilipoinuka walikuwa wakimsokomeza Lubowa kwenye buti la gari lililosimama nje ya lango, na Boniface alikuwa akiwafungulia mlango.

Gari halikufika mbali. Kichochoro kilitokea msikitini, na watu walikuwa ndio kwanza wanatoka, viatu mkononi, na watu wa baiskeli wamejaa wakingoja abiria. Nilikimbia nyuma ya gari nikipiga mayowe. Mzee Swaleh alisikia sauti yangu, akaliona gari, akaenda akasimama mbele yake na mikono kiunoni, kama asimamavyo mtu anayemzuia ng'ombe asiingie shambani. Walimpiga risasi mbili kupitia kioo. Alikaa chini kwanza, akautazama mkanda wake uliokuwa ukilowa, kisha akalala. Ndipo watu walipolivamia gari. Mawe, minyororo ya baiskeli, pampu. Wale watatu walitoka wakifyatua risasi hewani, wakakimbia kuelekea mpakani, yule aliyeungua akiachwa nyuma, na sitaandika alivyofanywa. Watu walifungua buti wakamtoa Lubowa akiwa hai. Boniface hakuwa kwenye gari tena. Mtu mmoja akasema amemwona akirudi kichochoroni. Alikuwa amekimbilia mahali pekee alipopajua, nyumbani.

Nilifika uani pamoja na kundi la kwanza. Mama Rehema alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha chumba chake mwenyewe, mkono mmoja umeshikilia taya, damu ikitiririka mpaka kwenye kiwiko, na miguu ameinyoosha kuziba mlango. Nyuma yake, gizani, tulisikia mtu akihema. Wanaume walisimama. Hakuna aliyethubutu kumruka mama yule. "Tupishe, mama," wakasema. "Tupishe, ni yeye aliyewaleta." Alitikisa kichwa. Mimi nilipiga magoti mbele yake, nikamwambia, "Mama, wamemuua Mzee." Alifumba macho. Sauti fulani ikamtoka kooni ambayo haikuwa kilio. Kisha akayafumbua, akaweka kiganja chake sakafuni, ndani ya kizingiti, akakipigapiga pale mara mbili. Hakuweza kusema, lakini kila mtu alielewa: yumo ndani mwangu. Na miguu yake hakuiondoa.

Wale wanaume wangeondoka. Nimelifikiria jambo hili kwa miaka mingi, na ninaamini hivyo. Tayari wawili walikuwa wameangusha mawe, na polisi walikuwa wakija. Lakini mimi nilijua kwamba chumba kile kina mlango wa nyuma unaotokea jikoni, unaofungwa kwa komeo la mti kwa upande wa jikoni. Nikainuka. Nikapita nyuma ya watu, nikaingia jikoni, nikaliondoa komeo, nikausukuma mlango. Boniface alikuwa amejibanza kando ya kitanda. Aliponiona uso wake ukafunguka kwa furaha. Alidhani nimekuja kumtorosha. "Conso," akasema, "Conso, waambie. Waambie ni wewe uliye—"

"Yuko huku!" nikapiga kelele.

Walipita kando yangu sita au saba. Ilichukua muda mfupi. Nimewaambia watu wachache mkasa huu, na kila mara nimesema nilikuwa na hasira kwa ajili ya Mzee Swaleh. Hasira ilikuwapo. Lakini kilichoninyanyua mbele ya Mama Rehema ni woga kwamba Boniface ataishi, atapelekwa mbele ya askari, atatoa barua yangu na kueleza alijuaje. Nilitaka anyamaze. Na alinyamaza, mikono yake juu ya kichwa, kalamu zake zikiwa zimevunjika na wino umeenea kwenye shati lile jeupe.

Jioni ileile Lubowa aliwekwa kwenye lori la rafiki mmoja wa marehemu ili apelekwe ndani ya nchi. Mkewe hakuwa amevuka, na sikupata kujua kama aliwahi kuvuka. Nilimfuata nyuma ya lori, nikamwambia yote. Uso wake ulikuwa umefura kiasi kwamba jicho moja halikuonekana. Nilitarajia anitukane. Akaniuliza, kwa Kiingereza, polepole kwa ajili ya pua, "Ulilitumia katika sentensi gani?"

Nikamwambia. Moyo wake ulio *xenial*.

Alilitafakari. "Si sahihi," akasema. "Moyo hauwezi kuwa hivyo. Ni kile kilicho kati ya watu wawili." Akageuza uso ukutani mwa lori, na dereva akawasha injini.

Polisi walirudi siku ya pili kuhoji, matanga yakiwa yamejaa uani. Walitaka kujua mambo mawili: nani alipiga mawe, na nani alifungua mlango wa nyuma wa chumba cha mjane. La kwanza hakuna aliyelijua, kama kawaida. La pili watu wengi walilijua, wakaniangalia. Mama Rehema alikuwa kwenye mkeka, taya limefungwa kwa kitambaa kutoka kidevuni hadi utosini, amevaa nguo ya eda. Sajini alirudia swali. Mama Rehema akainua mkono, nikajua unakuja kwangu. Mkono ule ukarudi kifuani pake. Akajigonga mara mbili kwa kidole, kama kusema: Mimi. Sajini alimtazama mjane yule na taya lake, akafunga daftari, akatoa pole, akaenda.

Siku ya tatu, baada ya dua, nilikuta godoro langu limekunjwa na kufungwa kwa kamba, limeegemezwa ukutani nje ya chumba cha pili. Juu yake yaliwekwa madaftari yangu yote, yamepangwa vizuri. Nilijitwika godoro mbele ya majirani. Nilipofika langoni nilisikia hatua nyuma yangu, na Mama Rehema akanishika bega, akanipa kifurushi cha gazeti. Zilikuwa chapati mbili na mayai, bado moto. Wanawake wa mtaa ndio waliokuwa wakipika siku zile zote, lakini chapati zile nilizijua kuwa za mkono wake. Alikuwa ameamka, na taya lile, akazisukuma mwenyewe. Hakunitazama usoni. Aliufunga mkono wangu juu ya kifurushi, akageuka, akarudi kwenye mkeka wake.

Nilitembea na godoro kichwani mpaka karibu na Alupe. Hapo nikakaa kando ya barabara, nikazila zote, kwa sababu nilikuwa na njaa.